Mfumaji wa Cimpunda aliyepima saa kwa chanuo la jirani

Chai bado haijachemka nyumbani kwa Séraphine Zagabe, lakini upande wa pili wa ukuta kazi imekwisha anza. To, to, to, to. Ni mlio mkavu wa mbao ikigonga nyuzi, na ukuta wa mabanzi unaupitisha wote bila kubakiza. Séraphine anasimama na kikombe kitupu mkononi, anasikiliza.

"Unasikia? Ameshaanza," anasema. "Mi sijui kama huyu mutu analalaka."

Anaiacha sufuria juu ya mbabula ya makaa, anaketi kwenye benchi ya mtambo wake wa kufumia, anavuta chanuo zito la mbao kuelekea kifuani, naye anaanza kugonga. Sasa ni nyumba mbili zinazogonga. Mumewe, Ignace, anatoka chumbani akifunga vifungo vya shati. Anaitazama sufuria, anachochea makaa, anatia majani ya chai mwenyewe. Amezoea.

Ni Jumanne, na mtaa wa Cimpunda ndio kwanza unaamka. Watoto wanapanda mteremko na mabidoni ya maji, matope ya mvua ya jana yakiwarudisha nyuma. Ijumaa adhuhuri Séraphine anatakiwa kukabidhi kitambaa cha mita sita, ncha zikiwa zimefungwa mafundo, kwa ajili ya maonyesho ya kazi za mikono za wanawake yanayofanyika kila mwaka katika ukumbi wa parokia mjini Bukavu.

Meza hupewa kila mfumaji, na kwa meza hakuna ugomvi. Moto uko mlangoni. Kitambaa kimoja tu huchaguliwa kuzunguka mlango mkubwa wa ukumbi: kinapanda upande mmoja, kinapita juu, kinashuka upande wa pili. Kila anayeingia hupita chini yake, huuliza ni cha nani, na kabla hajazifikia meza za ndani moyo wake umekwisha amua.

Kwa miaka mitano mfululizo kitambaa hicho kilikuwa cha Séraphine. Mwaka jana kilikuwa cha Joviale, jirani wa ukuta huu huu.

"Nilipita chini ya kitambaa yake na mizigo yangu juu ya kichwa," Séraphine aliliambia gazeti hili. "Bantu bote banaangalia juu. Hakuna mwenye aliangalia chini aone ni nani anapita."

Alipoulizwa kama anamwonea wivu jirani yake, hakuficha.

"Ndiyo, niko na wivu. Nidanganye juu ya nini? Padri anajua, Mungu anajua, bwana yangu anajua. Sasa na gazeti ijue."

Séraphine, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, alizaliwa Nyangezi, na ufumaji alifundishwa na masista akiwa msichana. Aliolewa mjini na Ignace, seremala, ambaye badala ya kumnunulia kabati kama mabwana harusi wengine alimtengenezea mtambo wa mbao za mikaratusi unaokula nusu ya sebule. Mgeni akija huketi kitandani. Kwa mtambo huo wamesomesha watoto wanne, na wa kwanza, Ulrich, sasa yuko chuoni Uvira. Kitambaa cha mezani huuzwa dola kumi na tano siku nzuri, na siku mbaya humrudisha mwenyewe nyumbani nacho.

Watu humsifu kwa mkono wake, lakini yeye husema siri yake ilikuwa ni saa. Si saa ya ukutani, kwa sababu hana. Alikuwa na utaratibu wa kufuma hadi kengele ya misa ya asubuhi, kisha kuacha, kunywa chai na kupima. Alirudi kufuma hadi wanawake wa sambaza wapite wakinadi samaki wao, akaacha tena, akapima. Alasiri ilikuwa ya jikoni na soko, na mtambo ulilala chini ya kitenge mpaka kesho.

Kupima huko hufanywa kwa kijiti. Mfumaji hukata kijiti chenye urefu sawa na upana wa kitambaa anachoanza, na kila akisogea kiasi cha shubiri mbili hukilaza juu ya kazi yake kuhakikisha kwamba upana haujapungua. Kijiti cha Séraphine hukaa kwenye msumari, karibu na picha ya Bikira Maria.

"Saa yangu ilikuwa ile," anasema. "Fuma, simama, pima, kunywa chai. Sikuchelewaka hata mwaka mumoja."

Kisha akaja Joviale.

Aliletwa nyumba ya jirani miaka sita iliyopita kama bibi harusi wa Bisimwa, dereva wa pikipiki. Alikuwa msichana mwembamba asiyejua kazi yoyote ya mikono, na mtoto wa kwanza alimpata kwa operesheni. Séraphine ndiye aliyempikia uji, aliyemchotea maji, na alipomwona akishinda mlangoni bila la kufanya, ndiye aliyemketisha kwenye benchi. Alimfundisha kila kitu: kutanda nyuzi, kuchanganya rangi, hata namna ya kupiga chanuo bila kuumiza kidonda cha tumbo. Baadaye alimwomba Ignace amtengenezee mtambo wake mwenyewe, kwa bei ya ujirani.

Ndipo hapo Waswahili waliposema kikulacho ki nguoni mwako. Mtambo aliouombea mwenyewe ndio unaomnyima chai.

Tangu kitambaa cha mwaka jana, Séraphine hajakanyaga kwa Joviale. Salamu ipo, kwa sababu wote wawili ni Wakristo na njia ni moja, lakini ni salamu ya kupita. Anajua Joviale ana kitenge kipya cha kijani. Anajua ni nani amebisha hodi kwake na ametoka na mfuko wa ukubwa gani. Jumapili kanisani, Joviale akiimba kwa sauti, Séraphine huimba kwa sauti zaidi, ingawa Ignace anasema hapo hakuna mshindi.

Wiki ya maonyesho wafumaji huvifunika vitambaa vyao, na hakuna anayekwenda kuchungulia kwa mwenzake. Ni desturi. Kwa hiyo kitu pekee alichobaki nacho Séraphine ni ukuta. Ukuta ukigonga, naye anagonga. Chanuo la Joviale likikimbia, lake linakimbia. Kengele ya misa inalia, hasimami. Wanawake wa sambaza wanapita, hawasikii. Jumamosi maharagi yaliungua mpaka jirani wa chini akauliza kama kuna moto.

"Mimi nikipitisha uzi moja, yeye amepitisha mbili," anasema Jumanne hii, jasho likimtoka puani. "Nimeshahesabu. Kitambaa ya mulango ameshamaliza zamani. Sasa anafuma ingine, ya kunidharau."

Ignace anashusha kikombe chake. "Maman Ulrich, mutu hawezi kufuma kitambaa nzima ya kudharau mutu."

"Hujui wanawake, Papa Ulrich."

"Najua moja," Ignace anasema, na kuondoka zake kazini.

Jumatano mchana, mvua ilipokatika, kilikuwa kimebaki kipande kidogo kufikia mita sita. Séraphine alimwita mumewe amsaidie kukikunjua kitambaa kutoka kwenye gogo la mtambo, wakitazame kizima kabla ya kukimaliza. Walikivuta taratibu hadi mlangoni kwenye mwanga. Kilikuwa chekundu cha udongo na mistari ya njano, rangi zake ambazo mji mzima unazijua. Ignace alikitazama kwa muda, akakohoa.

"Maman Ulrich," alisema, "hii kitambaa iko na kiuno."

Séraphine hakucheka. Alikwenda kwenye msumari, akachukua kijiti. Mwanzoni mwa kitambaa kilikaa sawasawa. Kwenye mita ya tatu kilizidi vidole viwili. Huku mwishoni, karibu na mtambo, kilizidi upana wa kiganja.

Mfumaji mwenye haraka huuvuta uzi unaopita, badala ya kuuachia ulale. Uzi uliovutwa nao huzivuta za pembeni ziingie ndani, kidogo kidogo, na jicho haliwezi kuona kwa sababu linakaa papo hapo. Kijiti ndicho kinachoona. Na tangu Jumamosi kijiti kilikuwa hakijatoka kwenye msumari wake.

"Hukupima?" Ignace aliuliza.

"Sikupima."

"Juu ya nini?"

"Yeye hakuwa anasimama," Séraphine alisema. "Ningesimama mimi?"

Dawa ya kosa hilo ni moja tu, nayo ni kufumua. Uzi kwa uzi, kurudi nyuma hadi pale kijiti kinapokubali. Zaidi ya nusu ya kitambaa ilikuwa ya kufumuliwa, na ilikuwa Jumatano mchana. Hata angefuma kwa mikono minne asingefika mita sita kufikia Ijumaa. Alilijua hilo kabla Ignace hajafungua mdomo.

Upande wa pili wa ukuta, to, to, to, to.

Séraphine alichukua sahani, akatoka. Alisema anakwenda kuomba chumvi. Chumvi ilikuwepo, pakiti nzima, kwenye rafu. Alichotaka ni kuviona vitambaa viwili vya Joviale kwa macho yake, auguse huo ushindi, kisha arudi nyumbani akalie vizuri.

Joviale aliruka kutoka kwenye benchi alipomwona. "Maman Ulrich. Karibu. Karibu, ikala." Alikuwa na macho mekundu, na nywele hazijasukwa. Kitambaa kilikuwa kimoja. Na fundi hahitaji futi kujua urefu: Séraphine aliutazama unene wa kile kilichokunjwa kwenye gogo, akasahau chumvi na sahani.

"Hii iko mita ngapi?"

"Ine na kidogo tu," Joviale alisema, akiangalia chini. "Nimechelewa, Maman. Nakusikia vile unapiga, nguvu, nguvu, najua umeshamaliza. Mi hata sijui kama nitafika."

"Keti. Fuma nione."

Joviale aliketi. Uzi ukapita, chanuo likaja: to. Kisha, kabla uzi mwingine haujapita, likaja tena, jepesi: to. Uzi wa pili ukapita. To. To.

"Unapiga mbili," Séraphine alisema.

"Ndiyo, Maman."

"Kila uzi?"

"Kila uzi. Si weye njo ulinifundisha? Ile wakati ya operesheni. Ulisema nipige kidogo, halafu tena kidogo, tumbo isisikie." Joviale alimtazama, hajui kosa lake ni nini. "Nilipona, lakini hukuniambia niache."

Hapo Séraphine alielewa. Wiki nzima alikuwa akikimbizana na mtu aliye nyuma yake. Kila mapigo mawili ya ukuta yalikuwa uzi mmoja, na yeye, mwalimu wa mapigo hayo, alikuwa ameyahesabu kuwa nyuzi mbili. Wivu una masikio makali, lakini hesabu haujui.

Mtu angedhani wivu ungekufa pale pale. Haukufa, ulihama tu. Maana Séraphine, akiwa bado amesimama, alizitazama pembe za kitambaa cha Joviale, zile kingo mbili ndefu, na pembe zilikuwa zimenyooka. Kile kipigo chepesi cha pili, alichokibuni yeye kwa ajili ya mgonjwa, kilikuwa kinaulaza uzi bila kuuvuta.

"Nilifika na wivu ya mbio, nikatoka na wivu ya pembe," anasema. "Ile ya pembe iko mubaya zaidi. Mbio inaishaka."

Alirudi nyumbani bila chumvi na bila sahani, akaanza kufumua.

Alhamisi alasiri Joviale alibisha hodi. Alikuwa ameileta sahani, na chumvi ndani yake. Alisimama mlangoni akizungushazungusha maneno, mpaka yakatoka. Angemaliza kufuma Ijumaa asubuhi. Lakini ncha mbili zenye mamia ya nyuzi za kufungwa mafundo hazifungwi na mtu mmoja asubuhi moja, na kitambaa kisichofungwa Masœur Monique, sista msimamizi wa maonyesho, hakipokei, hata kiwe kimefumwa na malaika.

"Maman Ulrich, najua weye pia uko na yako," alisema. "Lakini sina mwingine wa kuomba."

Aliuona wakati huo mlima wa uzi mwekundu uliofumuliwa, pale sakafuni.

Séraphine anakiri alikuwa na jibu tayari. "Nilitaka kumuambia niko na malaria. Hata nilisikia baridi kidogo."

Ignace alikuwa pembeni akilainisha mguu wa kiti. Hakuinua kichwa. Alisema, kana kwamba anakiambia kiti: "Basi mulangoni itakuwa ya Lydie wa Miti."

Lydie wa Miti anahitaji maelezo. Ni mfumaji wa kule Miti, nje ya Bukavu, mwenye mtambo wa chuma, duka lenye kioo, na mazoea ya kuwaita wenzake wa Cimpunda "ba maman wa mabanzi." Mita zake sita zilikuwa zimefika ukumbini tangu Jumatatu. Séraphine alimfikiria Lydie chini ya mlango ule, akipokea pongezi. Malaria ikapona.

"Mutu akinishinda, anishinde mwenye nilimufundisha," alimwambia Joviale. "Kesho nitakuja. Usinipikie chai. Nitakuja na yangu."

Ijumaa asubuhi waliketi sakafuni, mmoja ncha hii, mwingine ncha ile, kitambaa katikati yao. Kabla ya kuanza, Séraphine alitoa kijiti chake kiunoni, maana upana unaotakiwa ni ule ule kwa wafumaji wote, akakilaza juu ya kazi ya Joviale kutoka mwanzo hadi mwisho. Joviale alidhani anasaidiwa.

"Nilipima mara tatu," Séraphine anasema. "Nilikuwa nataka ikatae. Ikakubali mara tatu."

Kisha akafunga. "Kila fundo nilifunga na wivu. Nikivuta uzi, nasikia uchungu hapa," anasema, akigusa chini ya koo. "Lakini mukono yangu haijui kufunga mubaya. Ningejaribu, ingekataa."

Bisimwa aliwapakia kwenye pikipiki, Joviale katikati, kitambaa kimefungwa kifuani kama mtoto. Kengele ya adhuhuri ilikuwa inalia Masœur Monique alipokikunjua, akakipitishia macho, akaita watu walete ngazi.

Jumamosi Séraphine alifika na mizigo yake kichwani. Kile kipande kizuri cha mwanzo, pamoja na alichowahi kufuma upya, alikuwa amekikata vitambaa vitatu vya mezani. Alipita chini ya kitambaa cha Joviale kama mwaka jana, watu wakiangalia juu kama mwaka jana. Safari hii naye aliangalia.

"Upande wa kushoto, mafundo yote ni yangu," anasema. "Hakuna mwenye anajua. Nilisimama pale kidogo, mutu anipite, mwingine anipite. Ncha ya kushoto ilikuwa inakaa vizuri kupita ya kuume. Usiandike hivyo. Ama andika."

Vitambaa viwili viliuzwa, cha tatu alirudi nacho. Joviale alipata maagizo ambayo Séraphine anayajua yote kwa majina na rangi, ingawa hakuna aliyemwambia.

Mpango wake wa mwaka ujao umekwisha pangwa. Ataanza majuma mawili mapema. Kijiti kimehama kutoka kwenye msumari. Sasa kimefungwa kwa kamba kwenye mtambo wenyewe, mahali ambapo mkono hauwezi kupita bila kukigusa. Na anajifunza kupiga mbili. Kwa umri wake si rahisi, mkono uliozoea kipigo kimoja kizito unaona aibu na kile chepesi, lakini pembe zimeanza kunyooka. Mlango anautaka urudi, na anasema hivyo waziwazi, hata Joviale akisikia.

Ignace alijitolea kuuhamishia mtambo ukuta wa pili, mbali na kelele. Séraphine alikataa katakata.

"Nikiuhamisha, nitajuaje amefika wapi?"

Asubuhi hii, wiki moja baada ya maonyesho, mbabula inawaka na sufuria iko juu yake. Upande wa pili wa ukuta kazi inaanza. To, to. Séraphine anageuza kichwa, macho yake yanaelekea kwenye benchi. Kisha anainua kidole kimoja.

"Hiyo ni moja," anasema, na kujimiminia chai.